Gitaa Linavuma, Maneno Hayasikiki: Tufanyeje?

Vikundi vingi vya vijana katika makanisa yetu sasa vina gitaa la stima na amplifaya. Vyombo hivi havikuanguka kutoka mbinguni. Kuna vikundi vilivyouza mahindi, kuna vilivyofanya harambee, na kuna vilivyochanga shilingi hamsini hamsini mwaka mzima. Vyombo vikifika, Jumapili ya kwanza kila mtu hufurahi. Ikifika Jumapili ya tatu hivi, malalamiko huanza. Wazee waliokaa mbele wanasema vifua vinatetemeka. Akina mama wa nyuma wanasema wimbo wanausikia vizuri, lakini maneno yenyewe hawayapati. Kamati inaketi, na mara nyingi uamuzi huwa ni ule ule: gitaa lipunguzwe, au liwekwe kando kabisa mpaka vijana “wajifunze adabu”.

Sisi tunaona uamuzi huo ni wa haraka mno. Mara nyingi shida si ukubwa wa sauti ya gitaa, bali ni besi iliyozidi. Gitaa lile lile, kwa amplifaya ile ile, likiondolewa besi ya ziada, litasikika hadi mlangoni bila kufunika maneno ya mwimbaji. Na kazi yenyewe haihitaji pesa nyingi. Inahitaji masikio, subira, na kujua hiyo besi inatoka wapi. Ndiyo maana tumelipa jambo hili nafasi katika toleo hili.

Mashamba mawili yasiyo na mpaka

Sauti ni mtetemo. Mtetemo wa polepole hutoa sauti nene, yaani besi, na wa haraka hutoa sauti nyembamba, yaani trebo. Ule uzi mnene kabisa wa gitaa la kawaida, ukipigwa wazi, hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde. Ule mwembamba kabisa hutetemeka kama mara 330. Mafundi huandika hesabu hiyo kwa herufi Hz, na mtazikuta herufi hizo kwenye vyombo vingi.

Sasa tazama gitaa la besi. Uzi wake mnene hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na ule mwembamba mara 98. Umeona jambo hapo? Uzi mwembamba wa gitaa la besi uko juu kuliko uzi mnene wa gitaa la solo. Maana yake ni kwamba vyombo hivi viwili hukutana mahali pamoja, kama mashamba mawili ambayo hakuna aliyepanda miti mpakani. Mpiga gitaa akiongeza nobu ya besi, yaani kile kidude cha kuzungusha kilichoko kwenye amplifaya, anaanza kulima kwa jirani. Mpiga besi anajiona amepotea, anaongeza sauti. Mpiga gitaa naye hajisikii, anaongeza. Mpiga ngoma anapiga kwa nguvu zaidi ili asibaki nyuma. Wimbo wa tatu ukifika, mwimbaji anapayuka na maiki inalia.

Mwimbaji ndiye anayeumia zaidi, na sababu iko hivi. Sauti ya mtu ina sehemu mbili. Ile inayobeba tuni iko chini. Kwa mwanaume anayezungumza kawaida huwa kati ya mitetemo 100 na 150 hivi. Lakini kinachomfanya msikilizaji ajue umesema “pata” wala si “kata” ni ule mlio mfupi wa p na k, na milio ya namna hiyo iko juu sana, mingine zaidi ya mitetemo 2,000. Masikio yetu yameumbwa kwa namna kwamba sauti nene yenye nguvu hufunika zile nyembamba kwa urahisi, kuliko nyembamba zinavyoweza kuifunika nene. Kwa hiyo yule mama wa nyuma akisema anasikia wimbo lakini hasikii maneno, msimwambie amezeeka. Anaeleza kwa usahihi kabisa kinachotendeka.

Besi ndiyo inayokula nguvu

Kuna jambo la pili, nalo linahusu mfuko. Sikio la mtu haliisikii sauti nene kwa wepesi kama linavyoisikia ya kati. Ili besi isikike, amplifaya hulazimika kusukuma nguvu nyingi zaidi. Amplifaya ndogo ya wati 20 ikiwekewa besi kubwa, karibu nguvu yake yote huishia huko. Nguvu zikiisha, amplifaya haiwezi tena kutoa wimbi zima; hulikata kichwa. Hapo ndipo mnaposikia mkwaruzo. Na kwa sababu noti zote hupita njia moja, besi ikikwaruza, hata zile noti tamu za juu hukwaruza pamoja nayo.

Basi watu husema: “Amplifaya hii ni ndogo, tununue nyingine.” Harambee nyingine inaitishwa. Lakini hesabu yake si nyepesi. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inayohitajika ni kama mara kumi, yaani kutoka wati 20 hadi wati 200. Kupunguza nobu ya besi kutoka 7 hadi 3 hakugharimu hata senti, na mara nyingi sauti husafika papo hapo, na mkaweza hata kuongeza volyumu kidogo. Kabla ya kuchangisha, jaribuni hilo kwanza.

Mbona nyumbani ilikuwa tamu?

Swali hili huulizwa sana na vijana. “Nyumbani nilipanga sauti vizuri, nikafika kanisani sikugusa kitu, ikawa ngurumo tupu.” Na wanasema kweli.

Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara ya Bell kule Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vya jinsi sikio linavyosikia. Waliona kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio huwa zito hasa kwa sauti nene. Sauti ikiongezwa, besi huongezeka masikioni haraka kuliko sauti za kati. Kijana anayefanya mazoezi chumbani usiku, volyumu ikiwa chini asiwaamshe wazazi, atazungusha besi hadi 7 au 8 ili gitaa lisisikike kama kopo. Hapo ni tamu kweli. Lakini Jumapili volyumu inapanda, na ile besi aliyoiweka kama chumvi ya kutosha sufuria ndogo inageuka kuwa gunia.

Kwa hiyo tunasisitiza: sauti ya ibada hupangwa ukumbini, kwa volyumu ya ibada, wenzako wote wakipiga. Ukiipanga peke yako, gitaa litakuwa nono na la kupendeza, na likiingia katika bendi litakuwa uji. Gitaa linalokaa vizuri ndani ya bendi, likisikika peke yake, huonekana kama limekonda kidogo. Wapiga gitaa wengi hawapendi kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Tuanze na gitaa lenyewe

Watu hukimbilia amplifaya, lakini besi nyingi huanzia mikononi. Chini ya nyuzi kuna zile sumaku zinazoitwa pikapu, na hapa hatusemi gari la kubeba kabichi. Uzi hutetemeka kwa upana zaidi kadiri unavyoondoka kwenye daraja, yaani pale nyuzi zinapofungwa karibu na mkono wa kulia. Pikapu iliyo karibu na shingo ya gitaa hunasa besi nyingi. Ile iliyo karibu na daraja hunasa besi kidogo na hutoa mlio mkali. Gitaa la aina ya Stratocaster, na nakala zake ambazo zimejaa madukani, lina swichi yenye nafasi tano. Nafasi ya pili na ya nne huchanganya pikapu mbili, nazo hutoa mlio mwepesi na safi sana. Tunashauri muanzie hapo. Magitaa yenye pikapu nene za koili mbili, zile mafundi wanaziita hambaka, huwa na mlio mzito zaidi. Hizo zinahitaji besi ipunguzwe zaidi kwenye amplifaya.

Pikapu nyingi zina skrubu mbili pembeni. Ukiishusha ile ya upande wa nyuzi nene kwa robo mzunguko au nusu, pikapu huondoka kidogo kutoka kwa nyuzi hizo na besi hupungua. Usizungushe mara kumi kwa mkupuo. Robo, sikiliza, robo tena.

Halafu kuna waya. Waya mrefu wa gitaa hula trebo, na trebo ikiliwa kinachobaki ni besi. Tumeona vikundi vikiunganisha waya mbili tatu ili mpiga gitaa aweze kutembea hadi kwa kwaya. Waya wa mita 3 hadi 6 unatosha. Vilevile, kwenye magitaa mengi, ukipunguza volyumu ya gitaa lenyewe trebo hupungua pia. Iacheni karibu na mwisho, mkapunguze kwenye amplifaya.

Na sasa lile ambalo kwa maoni yetu ndilo linaloharibu magitaa mengi kuliko yote: kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye mikisa. Kanisa halina amplifaya ya gitaa, kwa hiyo waya unachomekwa mahali pa kinanda. Gitaa la kawaida lisilo na betri lina nguvu ndogo sana. Amplifaya ya gitaa hulipokea kwa upole, kwa ukinzani wa kama ohm milioni 1. Mlango wa kinanda kwenye mikisa mara nyingi una ohm 10,000 hivi. Gitaa linazidiwa, trebo inakufa, na mnabaki na mlio kama wa mtu anayeimba akiwa amejifunika blanketi. Hapo mkiongeza trebo kwenye mikisa mtapata kelele zaidi kuliko mlio. Dawa yake ni kile kiboksi kidogo kinachoitwa DI, kinachokaa kati ya gitaa na mikisa. Mikisa nyingine zina kitufe kilichoandikwa Hi-Z; hicho kazi yake ni hiyo hiyo. Kama kikundi chenu kina pesa ya kununua kitu kimoja tu mwaka huu, na gitaa linaingia kwenye mikisa, basi nunueni kiboksi hicho. Pedali za makelele zisubiri.

Nobu za amplifaya

Kuna imani kwamba nobu zote zikitazama juu, yaani 5, sauti imekuwa sawa, bila kuongezwa wala kupunguzwa. Si kweli. Katika amplifaya za Fender za miaka ya sitini, na nyingi zilizoigwa kutoka kwake hadi leo, mtambo wa besi na trebo uliundwa hivi kwamba nobu zote zikiwa 5, sauti ya kati imechimbika kama bonde, na besi na trebo zimesimama kama vilima pembeni. Mlio huo ni mtamu ukipiga peke yako. Katika bendi, bonde lile ndipo gitaa lilipopaswa kukaa.

Sisi tunapendekeza mwanzo huu: besi 2 au 3, sauti ya kati 7, trebo 5. Pigeni wimbo mzima. Kama gitaa linauma masikio, shusheni trebo kwa alama moja, msipandishe besi ili kuificha. Hilo ndilo kosa la kawaida: trebo inauma, mtu anaongeza besi “kusawazisha”, kisha anaongeza trebo tena, na baada ya dakika kumi nobu zote ziko 9 na hakuna anayesikia chochote. Kanuni ya mafundi wa sauti ni kupunguza kilichozidi kabla ya kuongeza kilichopungua.

Kwenye amplifaya zenye nobu mbili za volyumu, moja ya geini na nyingine ya masta, kwa mlio safi geini iwe chini, kama 3, na masta ipande. Ukifanya kinyume chake utapata mkwaruzo hata kwa sauti ndogo. Mwangwi nao uwe kidogo. Kanisa la mawe tayari lina mwangwi wake wa bure.

Kama mna pedali ya EQ yenye mikono midogo saba, mtaona mikono miwili ya kwanza imeandikwa 100 na 200. Shusheni ule wa 100 sana, na wa 200 nusu yake. Mingine iacheni katikati kwanza. Ule wa 200 ndio unaoshika ule uvungu unaofanya gitaa lisikike kana kwamba linapigwa ndani ya tangi la maji.

Wengine watauliza kuhusu amplifaya gani ni bora. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, ina wati 120 na spika mbili za inchi 12, nayo inasifika duniani kwa mlio safi. Lakini ni ghali na nzito, na kijijini huenda usipate fundi wa kuigusa. Amplifaya ndogo iliyopangwa vizuri inatosha kanisa la mabenchi ishirini. Amplifaya ya kinanda yenye spika ya inchi 15 pia inaweza kutumika, ila hiyo hutoa besi kwa ukarimu, kwa hiyo anzeni na besi 1 au hata 0. Msiogope sifuri. Nobu ikiwa sifuri haina maana kwamba besi yote imeondoka.

Mahali mnapoiweka

Amplifaya ile ile, bila kuguswa nobu, hubadilika sauti ukiihamisha hatua tatu. Sauti nene huenea pande zote kama moshi, na ikigonga ukuta hurudi kujiunga na nyingine. Ukiiweka amplifaya sakafuni karibu na ukuta, besi huongezeka. Ukiiweka kwenye kona, ambapo kuta mbili na sakafu hukutana, huongezeka zaidi kuliko mahali pengine popote. Na kona ndipo sisi sote tunapopenda kuiweka, kwa sababu haizuii njia na soketi iko karibu! Ivuteni, iwe walau mita moja kutoka ukutani.

Jukwaa la mbao lililo wazi chini ni baya vilevile. Linakuwa ngoma. Inueni amplifaya juu ya kiti imara au kreti ya soda, na katikati wekeni kipande cha godoro kuukuu. Mtashangaa.

Kuinua kuna faida nyingine. Trebo haitawanyiki kama moshi. Hutoka mbele ya spika kama mwanga wa tochi. Mpiga gitaa aliyesimama, amplifaya ikiwa nyuma ya miguu yake, husikia besi tu, maana tochi inamulika magoti. Anaongeza trebo, na benchi la kwanza linaumia. Amplifaya ikiinuliwa au ikilazwa nyuma kidogo ili imtazame usoni, atasikia wanachosikia watu, na atajipunguza mwenyewe bila kuambiwa.

Mkiweka maiki mbele ya spika, jueni pia kwamba maiki nyingi za kawaida huongeza besi kadiri zinavyosogezwa karibu. Irudisheni nyuma sentimita 10 au 15. Kisha tazameni kwenye mikisa kama kuna kitufe cha kukata besi, ambacho mara nyingi huandikwa 80 Hz au 100 Hz. Kibonyezeni kwa gitaa, na kibonyezeni kwa kila maiki ya mwimbaji. Kwa gitaa la besi na ngoma kubwa, msikiguse.

Somo kutoka kwa benga

Tunajua kuna watakaoshtuka kuona benga ikitajwa katika kurasa hizi, lakini tunazungumzia mlio wa gitaa tu. Msikilizeni D.O. Misiani wa Shirati Jazz, aliyefariki mwaka 2006, au Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers. Gitaa la solo liko juu, jembamba, safi, na kila noti unaweza kuihesabu. Benga ilichota sana kutoka kwa nyatiti ya Waluo, chombo chenye nyuzi nane ambacho mlio wake ni mkavu na wa haraka. Kwenye benga solo hashuki kwa jirani. Yeye na rithimu wanapishana juu, na besi anaachiwa chini peke yake, ndiyo sababu besi naye husikika wazi hivyo.

Hilo ni jambo la mikono, si la mashine. Mpiga gitaa wa kwaya akishika kodi ya nyuzi zote sita na kuzikwangua zote kwa kila pigo, hakuna nobu itakayomwokoa. Ashike nyuzi tatu au nne za chini ya mkono, zile nyembamba, azipige kwa wepesi. Ule uzi mnene auache, au auzime kwa upande wa kiganja. Kama kikundi hakina mpiga besi, hapo ndipo anaweza kuutumia, na hapo nobu ya besi inaweza kupanda alama moja au mbili. Mahali penye mpiga besi, wakae wawili hao pamoja, waseme nani anashika wapi. Mara nyingi ugomvi wa volyumu katika kikundi ni ugomvi wa mpaka ambao haujawahi kuzungumzwa.

Mvumo ambao si besi

Jambo la mwisho ni la hatari, kwa hiyo lisomeni hata kama mengine mmeyaruka. Wakati mwingine ile “besi” mnayoisikia ni mvumo wa stima. Stima yetu Kenya ni ya mitetemo 50 kwa sekunde, na mvumo wake husikika hapo na kwenye 100, yaani pale pale penye nyuzi nene. Utaujua kwa sababu unaendelea hata kama hakuna anayepiga. Kuupunguza, sogezeni waya wa gitaa mbali na waya za stima, na vyombo vyote vichomekwe kutoka soketi moja yenye ethi nzuri, ilimradi havizidi uwezo wake.

Kuna watu hunyamazisha mvumo huo kwa kung'oa pini ya ethi kwenye plagi, au kwa kukata ule waya wa kijani na manjano. Mvumo unakoma kweli. Lakini nyuzi za gitaa zimeunganishwa na ethi ya amplifaya. Siku hitilafu ikitokea ndani ya amplifaya isiyo na ethi, volti 240 zinaweza kufika kwenye nyuzi, na kijana aliyeshika gitaa akigusa maiki kwa midomo yake, njia ya stima imekamilika. Watu wamekufa kwa namna hiyo. Mkikuta plagi ya pini mbili mahali palipokuwa na tatu, au waya wa ethi umekatwa, zimeni kila kitu na mumwite fundi wa stima aliyehitimu. Mvumo unaobaki mnaweza kuishi nao.

Mkisha kufanya haya, chagueni Jumamosi moja ya mazoezi, mtu mmoja asiye mpigaji akae benchi la mwisho na kitabu cha nyimbo. Aimbiwe ubeti asioujua, kisha aseme maneno aliyoyapata. Shusheni besi ya gitaa alama moja moja mpaka ayapate yote. Mkimaliza, bandikeni kipande cha plasta kando ya nobu na mweke alama kwa kalamu. Ila kumbukeni ukumbi ukiwa mtupu si sawa na ukumbi uliojaa, kwa sababu watu na nguo zao humeza sauti za juu na za kati zaidi kuliko besi. Kwa hiyo Jumapili, mabenchi yakijaa, huenda mkahitaji kuongeza trebo nusu alama. Besi iacheni pale pale penye plasta.